Fomu Namba Ishirini na Mbili

Sehemu ya Saba

"Nilikuta kufuli, dada."

Hapo ndipo tulipomwacha Kitinda wiki iliyopita, ameketi ukingoni mwa kitanda cha dada yake, amekumbatia mto. Kipimo cha mimba kilikuwa juu ya meza ya kusomea, kati ya kikombe cha chai na mkasi. Mistari miwili. Hata asiye na miwani angeiona.

Na wewe uliyejiunga nasi leo usijali, habari yenyewe ni fupi. Kitinda yuko mwaka wa kwanza chuoni. Ndiye kitinda mimba wa nyumba yao, na jina hilo la nyumbani limemganda mpaka hosteli. Dada yake yuko mwaka wa mwisho. Huyo wenzake humwita Kalamu, kwa sababu hakosi kalamu mbili tatu alizozichomeka kwenye nywele. Siku Kitinda alipoanza chuo, mama yao alimshika Kalamu mkono akamwambia: mdogo wako huyu nakukabidhi wewe.

Sasa mdogo mtu ana mimba ya wiki tisa, na dada mtu amekauka.

Ungedhani ni mshtuko. Haukuwa mshtuko, msomaji. Kalamu alilijua lile kufuli. Alijua lilifungwa lini, alijua kwa nini, na alijua kwa mkono wa nani.

"Kufuli la wapi?" akauliza hata hivyo. Mwenye hatia hupenda kuuliza anachokijua.

La chumba namba tatu, Kitinda akajibu, kule zahanati ya chuo.

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, kipo nyuma, mlango wake unatazama ukuta. Kila Jumatano na Ijumaa mchana nesi mmoja alikuwa akiwapokea wanafunzi humo, mmoja mmoja, bila foleni na bila kuitwa jina. Ulikuwa unaingia na swali lako, unatoka na jibu lako, na kama unahitaji vidonge, sindano au kondomu, unatoka navyo kwenye mkoba. Kitinda alichukua wiki sita kujipa moyo wa kwenda. Siku alipokwenda alikuta kufuli na karatasi iliyobandikwa kwa gundi: huduma imehamia dirishani.

Dirishani ni pale wanapopanga foleni watu wote, wenye mafua na wenye vidonda, wahadhiri na wafagizi. Na ndani ya dirisha anakaa karani mwenye sauti ya mnadi. Alimuuliza Kitinda shida yake ni nini. Kitinda akanong'ona. Karani akamwambia aongeze sauti, hapo si maktaba. Kitinda akageuka nyuma, na nani alikuwa amesimama nyuma yake? Mpishi wa bwalo, rafiki wa mama yao tangu ujana, mwanamke ambaye habari haikai kwake hata ichemke.

Kitinda akasema anaumwa kichwa.

Akapewa vidonge vya kichwa, sita, vimefungwa kwenye karatasi. Akarudi navyo hosteli. Bado alikuwa navyo. Alivitoa mfukoni akaviweka mezani, pembeni ya kipimo.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wahenga hawakufika chuoni kwetu. Hapa wanaoficha ndio wanaozaa.

Kalamu alivitazama vile vidonge, akashindwa kuvigusa. Maana yule nesi hakuhamishwa na upepo, na lile kufuli halikujifunga lenyewe.

Turudi nyuma miezi mitano, haraka haraka, kabla hajafumbua mdomo.

Mhadhiri mmoja mwanamke, ambaye wanafunzi humwita Mama Takwimu asipokuwepo, alikuwa akifanya utafiti: je, wanafunzi wanatumia uzazi wa mpango, na kama hawatumii, kinachowazuia ni nini? Akamchagua Kalamu kuzunguka hosteli ya wasichana na fomu sitini. Kila fomu ina maswali thelathini na moja. Hakuna jina, ila namba ya chumba na herufi ya kitanda. Unagonga, unaketi, unauliza, unaandika. Kazi ya nusu saa kwa kila mmoja, ukiwa huna haraka.

Fomu ishirini na moja za kwanza Kalamu alizijaza kwa haki. Alifungiwa milango. Alichekwa. Msichana mmoja alimjibu maswali yote akiwa amefunika uso kwa kanga, mwingine alilia kwenye swali la kumi na tano na ikabidi wafunge fomu wanywe maji kwanza. Lakini walisema. Ukiwauliza vizuri, walisema.

Fomu ya ishirini na mbili ilikuwa ya chumba kumi na nne, kitanda B. Kitanda cha Kitinda.

Kalamu alifika mpaka kwenye ule mlango. Alisimama hapo na ubao wake wa kuandikia mkononi, akasikia mdogo wake akicheka ndani, akashindwa kugonga. Ungeanzaje, msomaji? Huyu ni mtoto uliyemwosha miguu, uliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Umkalishe chini umuulize amelala na nani na alijikinga na nini? Aibu ilimpanda Kalamu mpaka masikioni. Kisha akajiambia uongo mtamu kuliko wote: kwani kuna haja gani ya kuuliza? Mdogo wangu namjua.

Akapanda ghorofani, akaketi kitandani, akaijaza mwenyewe.

Na hapo ndipo alipogundua siri ya swali la tisa. Swali la tisa lasema: je, umewahi kuhitaji huduma ya uzazi wa mpango? Ukijibu ndiyo, yanafuata maswali ishirini na moja, na kila moja linataka maelezo. Ukijibu hapana, fomu inakuambia uruke mpaka swali la thelathini na moja. Na hilo linauliza tu kama huduma zilizopo zinatosha. Unatia alama, unamaliza. Dakika mbili.

Kalamu akatia hapana. Akaruka.

Mitihani ilikuwa imekaribia, na fomu thelathini na nane zilikuwa bado tupu. Aliyeruka mara moja hashindwi kuruka tena. Kwa mchana mmoja, kwa kalamu tatu za rangi mbalimbali ili zisionekane zimejazwa siku moja, alizimaliza zote. Thelathini na tisa, ukiihesabu ya mdogo wake. Wasichana thelathini na tisa hawahitaji. Wasichana thelathini na tisa wameridhika.

Alidhani ni karatasi tu. Karatasi nyingi chuoni huishia kabatini.

Hii haikuishia kabatini. Mama Takwimu alipeleka matokeo ya awali mbele ya baraza la chuo: katika hosteli ya wasichana uhitaji ni mdogo sana. Baraza likauliza, kama ni hivyo, nesi mzima anakaa bure chumba namba tatu kwa nini? Mwezi uliofuata nesi akahamishiwa chanjo za watoto, na fundi akaja na kufuli.

Sasa unajua alichokijua Kalamu. Turudi chumbani.

Alikuwa akimsikiliza mdogo wake akieleza yaliyofuata. Baada ya dirisha, Kitinda aliwauliza wenzake wa chumba. Mmoja alisema vidonge hufunga kizazi, shangazi yake alimwambia. Wa pili alisema sindano hunenepesha mpaka nguo zikukatae. Wa tatu, anayesomea hisabati, alimfundisha kuhesabu siku kwenye kalenda. Hesabu zake zilikuwa safi kabisa, tatizo ni kwamba mwili wa Kitinda haukuhudhuria hilo darasa.

Kalamu akauliza, na huyo kijana?

Kitinda akageuza uso. Ni mwanafunzi, alisema, si mtu mbaya. Aliahidi kuchukua kondomu zahanati mwenyewe. Alikwenda mara tatu, na mara tatu akageukia getini, kwa kuwa watu wote pale wanamjua mama yake. Jina lake hakulitaja, na Kalamu hakumshurutisha. Kichwa chake kilikuwa kinatafuta pa kujificha.

Ndipo akauliza swali ambalo hakupaswa kuuliza.

"Mbona hukuja kwangu?"

Kitinda alimtazama muda. Haikuwa hasira, na laiti ingekuwa hasira.

"Nilikungoja, dada."

"Uliningoja wapi?"

"Chumbani. Wakati ule unazunguka na fomu zako. Nilisikia uko chumba kumi na mbili, nikasikia uko kumi na tatu. Nikajua kesho ni sisi. Nikatandika hata shuka safi." Akavuta pua. "Kukwambia hivi hivi nilikuwa siwezi. Lakini kwa fomu ningeweza. Wewe ungeuliza kama kazi, na mimi ningejibu kama kazi, halafu baadaye tungeongea. Nilikungoja siku nne. Nikaona labda chumba chetu hakikuwepo kwenye orodha."

Hapo palikuwa mahali pa Kalamu kusema. Mlango ulikuwa wazi, hata kugonga hakukuhitajika.

"Hakikuwepo," akasema. "Chumba chenu kilirukwa."

Laana ya uongo ni kwamba wakati mwingine ndani yake mna ukweli. Kilirukwa, kweli. Kitinda akaitika kwa kichwa, akaamini, akaegemea bega la dada yake. Na Kalamu akakaa akilishikilia lile bega kama mwizi aliyekabidhiwa mzigo aulinde.

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa fupi kuliko zote: haikupita nusu saa. Simu ya Kalamu ikatoa mlio. Ujumbe wa Mama Takwimu. Njoo ofisini saa nane kamili, tunahakiki fomu.

Ofisi ya Mama Takwimu ni chumba chembamba chenye kabati la chuma, meza mbili, na harufu ya karatasi na wino. Fomu zimepangwa kwa mafungu, kila fungu limebanwa kwa mpira. Juu ya kabati kuna picha moja tu, ya kijana aliyevaa kofia ngumu ya fundi, anacheka. Kalamu aliiona mara mia na hakuwahi kuitazama.

Mama Takwimu alikuwa na furaha siku hiyo, na furaha yake ilikuwa mbaya kuliko ukali wake. Alieleza kwamba ripoti ya mwisho inatoka kesho, na kabla ya hapo anahakiki, ndiyo desturi: anachomoa fomu tatu bila kuchagua, anamwita mwenye kitanda kile, anamuuliza kama kweli alihojiwa, na anarudia maswali mawili matatu. Majibu yakilingana, kazi imesimama. Mezani kulikuwa na barua iliyokwisha chapwa, imebaki sahihi. Kalamu aliisoma kichwa chini miguu juu. Chumba namba tatu kinakabidhiwa masjala kwa ajili ya kuhifadhi mafaili. Kwa kudumu.

Basi leo ilikuwa leo. Fomu zikipita, kile chumba hakitarudi. Fomu zikianguka, Kalamu anaanguka nazo, wiki tatu kabla ya kuvaa joho, na mama yake ameshawatangazia majirani mtaa mzima.

Fomu ya kwanza kuchomolewa ilikuwa namba tano. Kalamu akashusha pumzi. Msichana akaja, akasema ndiyo alihojiwa, na tena Kalamu alimwazima mwavuli siku hiyo. Majibu yakalingana.

Ya pili, namba kumi na saba. Ndiye yule aliyefunika uso kwa kanga. Leo alikuja bila kanga, akajibu kwa sauti. Majibu yakalingana.

Kalamu akaanza kuomba. Aliomba fomu ya tatu iwe miongoni mwa zile ishirini na moja, na wakati huo huo alijichukia kwa kuomba, kwa sababu alijua anaomba kile chumba kijae mafaili.

Mama Takwimu akafumba macho kama mtoto anayecheza, akachomoa.

"Ishirini na mbili. Chumba kumi na nne, kitanda B."

Kalamu alisema atakwenda kumwita mwenyewe. Mama Takwimu akakataa, mhojaji hamwiti mhojiwa siku ya kuhakiki, akampigia simu mwangalizi wa hosteli. Kalamu akaomba basi atoke nje kidogo akanywe maji. Mama Takwimu akamsukumia chupa.

Dakika kumi na tano. Hakuna aliyewahi kunywa maji polepole namna ile.

Mlango ukafunguka. Kitinda akaingia, macho bado mekundu, akaamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba. Hatua mbili ndani, akasimama kama aliyegongana na kitu. Alikuwa akitazama mahali fulani juu ya kabati. Kalamu alidhani anatafuta pa kukwepesha macho.

Mama Takwimu alimkalisha vizuri, akamwambia asiogope, hakuna anayemchunguza yeye, anayechunguzwa ni fomu. Akaigeuza karatasi ili aione.

Kitinda akainama. Aliona chumba kumi na nne. Aliona B. Aliona umri wake, mwaka wake, somo lake. Aliona zile hapana zilizoandikwa kwa mkia mrefu, mkono uleule uliokuwa ukimwandikia jina lake kwenye madaftari ya shule ya msingi. Kalamu aliona kidole cha mdogo wake kikifika swali la tisa na kukaa hapo.

"Huyu dada alikuja kukuhoji?" Mama Takwimu akauliza.

Feni ilizunguka. Kalamu hakuweza kumtazama usoni, alitazama viatu vyake, na kamba zilikuwa zimefungwa kwa fundo lile alilomfundisha mwenyewe.

"Ndiyo," Kitinda akasema. "Alikuja."

"Ulimwambia hujawahi kuhitaji huduma. Ni kweli?"

Mkono wa Kitinda uliingia mfukoni, kwenye ile karatasi ya vidonge vya kichwa aliyokuwa ameirudisha humo. Kalamu alisikia inavyokwaruza.

"Ni kweli. Sijawahi."

"Na huduma zilizopo zinakutosha?"

"Zinatosha, Mwalimu."

Mama Takwimu akagonga meza kwa kiganja, kwa furaha. Kazi safi, alisema, kati ya wahojaji wake wote ni huyu tu ambaye fomu zake hazina hata kosa moja. Akavuta ile barua ya masjala. Akafungua kalamu ya wino.

Kalamu ameokoka, msomaji. Joho ni lake, mama ni wa kuchekelea, majirani waje. Mdogo wake amemvusha, amemvusha kwa kumbeba juu ya mgongo wake mwenyewe, na mimba tumboni. Hakumtazama hata mara moja alipokuwa akimvusha. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Usijibu upesi.

"Mwalimu, usitie sahihi."

Sauti ilimtoka Kalamu nyembamba. Mama Takwimu akainua macho juu ya miwani.

"Hiyo fomu niliijaza mwenyewe. Sikumuuliza. Niliandika kitandani kwangu." Akanyoosha kidole kwenye fungu. "Na zinazofuata. Mpaka sitini."

"Thelathini na tisa?" Mama Takwimu hakuhitaji kikokotoo.

"Thelathini na tisa."

Mama Takwimu akafunga kalamu yake taratibu, akaiweka sambamba na ukingo wa meza. Hakupiga kelele. Alisema alisimama mbele ya watu wazima, kwa jina lake na nywele zake za mvi, akawaambia mabinti wa chuo hiki hawahitaji, na wakamwamini kwa kuwa hajawahi kuwadanganya. Alisema ataandika barua nyingine sasa, na hiyo ataipeleka kwa mkono. Kalamu alijua ni barua ya kumnyima joho. Alishangaa kuona kwamba haikumuuma kama alivyotarajia. Kilichomuuma kilikuwa kimekaa kwenye kiti cha pili, kimeshika karatasi ya vidonge.

"Na huyu ni nani wako?" Mama Takwimu akauliza, macho yakienda huku na huku kati ya nyuso mbili zinazofanana.

"Mdogo wangu. Tumbo moja."

"Mdogo wako wa tumbo moja ukashindwa kumuuliza?"

"Niliona aibu. Na nilidhani namjua."

"Hayo si ya kudhani, ni ya kuuliza." Hapo sauti ya Mama Takwimu ilipanda kwa mara ya kwanza. "Miaka ishirini nafundisha jambo hilo moja. Mimi hata mwanangu wa kumzaa ningemuuliza."

Kitinda akanyoosha mkono, akachukua fomu tupu kutoka kwenye fungu pembeni. Akasimama, akaenda nyuma ya dada yake, akachomoa kalamu moja kwenye nywele zake kama alivyokuwa akifanya utotoni, akamwekea mbele.

"Niulize," akasema.

"Kitinda..."

"Nilitandika shuka, dada. Niulize."

Kalamu aliandika chumba kumi na nne, kitanda B, na hiyo B ikaonekana kama nane. Machozi yalimdondoka juu ya swali la pili akayafuta kwa kiwiko. Aliuliza umri anaoujua, mwaka anaoujua. Mama Takwimu hakuwazuia. Alikuwa amekunja mikono, anasikiliza kama anavyosikiliza mtihani wa mdomo.

"Swali la tisa. Umewahi kuhitaji huduma ya uzazi wa mpango?"

"Ndiyo."

Na kwa mara ya kwanza katika ile fomu, Kalamu hakuruka. Akaenda la kumi. Akaandika kufuli. Akaandika dirisha, karani, mpishi wa bwalo, vidonge vya kichwa. La kumi na moja, akaandika maneno ya wenzake wa chumba. La kumi na mbili linauliza kama kwa sasa ni mjamzito, na Kitinda akajibu bila kushusha sauti. Mama Takwimu akafungua mikono yake. Aliutazama uso wa yule binti, kisha akaitazama ile barua ya masjala iliyokuwa bado mezani, akaikunja mara mbili.

"La kumi na tatu," Kalamu akasema. "Mwenzi wako ni nani? Mwanafunzi, mfanyakazi wa chuo, au mwingine?"

"Mwanafunzi. Mwaka wa tatu, uhandisi."

"La kumi na nne. Yeye alizuiwa na nini kwenda zahanati?"

Kalamu akainua macho, akakuta mdogo wake hamtazami. Anatazama palepale alipotazama alipoingia, juu ya kabati la chuma, kwa yule kijana wa kofia ngumu.

"Anamwogopa mama yake," Kitinda akasema polepole. "Aliniambia mama anafundisha hapa, na kwamba kule zahanati kila mtu anamjua. Hakuniambia ni nani. Nimejua nilipoingia humu."

Mama Takwimu hakugeuka kuitazama picha. Hakuhitaji. Alivuta kiti, akakaa, na alikaa upande ule wanaokaa wanaohojiwa. Alipozungumza, hakuzungumza na yeyote kati yao.

"Sikuwahi kumuuliza," akasema.

Kisha Mama Takwimu akachukua simu yake, akatafuta jina, akabonyeza, akaiweka sikioni.

Simu ya mwanawe ikaanza kuita. Haikuita mbali. Waliisikia wote watatu, kwenye korido, nyuma tu ya mlango, na aliyeishika hakuwa akiipokea.